Kuitafuta sauti ya gitaa la Brian May: shajara ya mradi

Jumamosi, Januari 11

Leo nimeanza. Mezani kuna gitaa langu la zamani lenye umbo la Stratocaster, amplifaya ndogo ya Vox AC4TV niliyouziwa na mpigaji mwenzangu alipohamia Mwanza, mita ya kupimia umeme, na daftari hili. Ninachokitafuta ni kimoja tu: sauti ya gitaa la Brian May wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, ile ya mwaka 1974 na 1975, nene na laini, inayoimba kama mtu mwenye pumzi ndefu.

Mimi ni mzaliwa wa Unguja, na kwetu ukitaja Queen umemtaja mwimbaji wao, Freddie Mercury. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Mji Mkongwe Septemba 5, 1946, akaondoka na wazazi wake mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Tulilijua jina lake kabla ya kuusikia wimbo wake hata mmoja, kwa sababu wageni walikuwa wakituuliza njia ya Shangani. Lakini siku niliyosikia "Bohemian Rhapsody" kwenye kanda ya ami yangu, kilichonishika ni gitaa linaloingia baada ya ubeti wa pili. Nilimwomba ami airudishe kanda. Akairudisha mara nne, na mara ya nne alikuwa amekaa kimya kama mimi.

Kwa miaka miwili nimejaribu kuipata sauti hiyo kwa pedali za disto, visanduku vya kukanyaga vinavyokwaruza sauti. Nimenunua tatu, nimeuza mbili. Zote zinatoa mkwaruzo wa nyuki ndani ya kopo. Zinakuna vizuri ukipiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) mbili za haraka, lakini noti moja ikivutwa inakufa kabla ya kufika mwisho. Baada ya kusoma na kusikiliza sana nimeelewa kwamba nilikuwa nagonga mlango usio wake. May wa miaka ile hakutumia pedali ya disto. Alikuwa na gitaa alilolitengeneza mwenyewe, kibusta kidogo cha trebo (kisanduku cha kukuza sauti za juu), na amplifaya ya Vox AC30 iliyofunguliwa hadi mwisho.

Kwa hiyo mpango ni vitu vitatu, kimoja baada ya kingine: waya za gitaa, kibusta, amplifaya. Mwangwi nitauongeza mwisho.

Jumapili, Januari 19

Gitaa.

Lile la May, Red Special, lilianza kutengenezwa Agosti 1963 nyumbani kwao, yeye na baba yake Harold, aliyekuwa mtu wa elektroniki. Iliwachukua kama miaka miwili. Shingo ilichongwa kwenye mbao ya mahogani ya meko ya zamani, na matundu ya wadudu yakazibwa kwa njiti za kibiriti. Springi za tremolo, ule mkono wa kuyumbisha noti, zilitoka kwenye vali za pikipiki. Vitone vya shingo ni vifungo vya lulu vya mama yake. Nikisoma habari hizi namwona marehemu babu yangu, ambaye hakuwahi kutupa msumari uliopinda.

Mbao hizo siwezi kuzipata, wala sina karakana. Lakini jambo moja la gitaa lile naweza kulifanya kwenye gitaa langu kwa shilingi elfu chache, nalo nadhani lina uzito kuliko mbao: namna pikapu, vile vinasa mtetemo wa nyuzi, zilivyounganishwa. Gitaa la kawaida la pikapu tatu, ukichagua mbili, zinaungana sambamba, na sauti inakuwa nyembamba na ya kung'aa. Red Special ina pikapu tatu za Burns Tri-Sonic zilizofungwa kwa mfululizo, mkia wa moja kwenye kichwa cha nyingine, na kila moja ina swichi yake ya kuwasha na kuzima, na swichi ya pili ya kugeuza fezi, yaani mwelekeo wa wimbi lake la umeme. Pikapu mbili kwa mfululizo zinatoa umeme mwingi zaidi na sauti ya katikati inajaa. Hapo ndipo unene unapotoka.

Nimeng'oa sahani ya plastiki, nimetoboa nafasi za swichi sita ndogo za kusukuma, nimechomea upya kila kitu kwa risasi. Kazi ya saa sita na nusu, pamoja na saa moja ya kutafuta waya uliogusa pasipotakiwa.

Mchanganyiko anaoutumia May mara nyingi ni pikapu ya kati na ya daraja, fezi moja. Nimeuwasha. Hata bila kibusta, tofauti imesikika mara moja, na jirani yangu wa chumba cha pili, ambaye hapigi ala yoyote, ameuliza kama nimenunua gitaa jipya. Nimejaribu pia kugeuza fezi: noti za chini zinafutana na kinachobaki ni sauti ya puani, kali, inayofaa kwa kipande kimoja au viwili tu. Niseme kasoro: pikapu zangu ni za bei nafuu, na kwa mfululizo mvumo wa umeme wa nyumba nao umekua. Nimefunika tundu lote la ndani kwa karatasi ya shaba na kuiunganisha na ardhi ya gitaa. Mvumo umepungua, haujaisha.

Jumamosi, Januari 25

Kibusta. Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Kabla ya Queen, May alikwenda kumsikiliza Rory Gallagher, mpigaji kutoka Ireland, kwenye klabu ya Marquee mjini London, na baada ya onesho akamuuliza sauti ile anaipataje. Gallagher akamwambia: AC30 na kisanduku kiitwacho Dallas Rangemaster. Napenda habari hii kwa sababu mkubwa aliulizwa na mdogo akajibu bila kuficha.

Rangemaster ni kitu cha vipande visivyofika kumi. Transista moja ya jemaniamu, OC44. Rezista tatu: kiloomu 470, 68 na 3.9. Potenshiometa ya kiloomu 10. Kapasita ya kuingilia ya nanofaradi 5, ya kutokea ya nanofaradi 10, na mbili kubwa za mikrofaradi 47. Betri ya volti 9. Basi.

Siri yote iko kwenye ile kapasita ya kuingilia. Ni ndogo mno kupitisha besi, kwa hiyo noti za chini zinabaki mlangoni na za juu zinapita na kukuzwa mara nyingi. Mtu atasema: sasa si sauti itakuwa kali kama bati? Ingekuwa hivyo kama amplifaya ingebaki safi. Lakini amplifaya ya vali (taa za kioo zinazokuza umeme) ikisukumwa kupita uwezo wake, mawimbi ya besi, ambayo ni makubwa, ndiyo yanayogonga dari kwanza na kuvuruga kila kitu, na sauti inakuwa uji. Ukiipunguza besi kabla ya kusukuma, vali zinaviringisha noti za juu badala ya kuvuruga za chini. Ukali unalainika ndani ya amplifaya na noti inabaki moja, imesimama. Pedali zangu za disto zilifanya kazi kwa mpangilio mwingine: zilikata mawimbi zenyewe, kisha zikapeleka vipande kwa amplifaya iliyotulia.

Leo nimekwenda Kariakoo kutafuta transista za jemaniamu. Maduka mapya hayana, na vijana wanaouza wananionyesha za silikoni, zile za kisasa. Mwishowe nimeelekezwa kwa mzee mmoja fundi redio, kibanda chake kimejaa redio za mbao mpaka darini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Redio gani?"

Nikamweleza natafuta transista za zamani, zile zenye kofia ya bati. Akanitazama, akavuta kopo la maziwa ya unga kutoka chini ya meza, akalimimina. Zaidi ya hamsini, alizoziondoa kwenye redio zilizokufa kwa miaka mingi. Akaniambia nichague ishirini, na nikizimaliza kuzipima nimrudishie zisizofaa, maana yeye bado ana wateja wa redio hizo. Nimeondoka na OC45, OC71, AC126 na AC128.

Jumapili, Januari 26

Kupima transista ishirini.

Jemaniamu inavuja: umeme unapita hata pale hujaiamrisha ipitishe. Kwa hiyo mita ya kawaida ikikwambia transista inakuza mara 140, huenda nusu yake ni uvujaji. Namna ya kujua ni kufunga rezista ya kama kiloomu 2.4 kwenye kolekta (mguu wa transista wa kutolea), betri ya volti 9, na kusoma volti kwenye rezista hiyo kwanza bila kugusa besi ya transista (mguu wake wa kuamrisha, si sauti ya chini), kisha kwa kuipa besi umeme kidogo kupitia rezista ya megaomu 2.2. Somo la kwanza ni uvujaji. Tofauti ya masomo mawili, ukizidisha kwa mia, ndiyo nguvu yake halisi ya kukuza.

Kati ya ishirini, nne zimekufa kabisa. Tisa zinavuja kupita kiasi. Saba zimebaki, na kati ya hizo zinazonivutia ni tatu: OC45 moja inayokuza mara 62, AC126 inayokuza 88, na AC128 inayokuza 97 lakini ina uvujaji wa kati.

Nimejenga sakiti kwenye ubao wa majaribio na kuweka AC128. Kolekta inatakiwa isome kama volti 7. Yangu ilisoma 7.1 saa moja asubuhi, nikafurahi sana.

Nimewasha AC4, nikafungua sauti yote, kibusta mbele. Noti ya kwanza niliyoipiga niliishikilia na haikuondoka. Nilikaa kitandani na gitaa mapajani nikiisikiliza inavyogeuka taratibu kutoka noti yenyewe kuwa ile ya juu yake. Hakuna pedali iliyowahi kunipa hilo.

Jumatatu, Januari 27

Nimerudi kazini saa nane mchana, nikawasha tena. Sauti imekufa. Inakatika, inakoroma, noti zinazimika ghafla. Mita: kolekta volti 5.4.

Nilidhani nimeunguza transista. Nikaiacha, nikala, nikaoga. Saa nne usiku nimepima tena: volti 6.8, na sauti imerudi nusu.

Ni joto. Uvujaji wa jemaniamu unakaribia kuwa maradufu kila joto likipanda kama nyuzi kumi, na chumba changu mwezi huu, chini ya bati, mchana ni tanuri. Kisanduku cha Rangemaster kilitengenezwa Uingereza ili kikae juu ya amplifaya, na AC30 yenyewe ina vali nne za EL84 zinazotoa joto jingi. Nadhani baridi ya kule iliwasaidia zaidi kuliko walivyojua.

Jumapili, Februari 9

Wiki mbili za kupambana na joto. Niliyoyafanya:

AC128 nimeirudisha kwa mzee. AC126 ndiyo inayobaki, maana uvujaji wake ni mdogo kuliko zote. Mahali pa rezista ya kiloomu 68 nimeweka kirekebisho kidogo cha kiloomu 100, ili niweze kuirudisha kolekta kwenye volti 7 kwa bisibisi. Sanduku nimeliweka sakafuni, mbali na amplifaya, kwenye sehemu ya sakafu ya saruji inayobaki baridi. Sasa kolekta inacheza kati ya 7.1 asubuhi na 6.5 mchana. Inavumilika.

Jambo jingine la kuzingatia kwa atakayejenga: transista hizi ni za PNP (aina inayoendeshwa kwa umeme hasi) na ardhi ya sakiti iko upande wa chanya. Ukiiunganisha kwenye adapta moja na pedali nyingine utapiga shoti. Ipe betri yake.

Pia nimejenga kibusta cha pili cha silikoni, chenye mpangilio uleule wa kukata besi. May mwenyewe baadaye alihamia vibusta vya silikoni, na ukitafakari mizunguko ya matamasha, joto la taa na nchi nyingi, unamwelewa. Nimevilinganisha kwa saa mbili. Cha silikoni hakiyumbi, kina kelele ndogo, na kina ukingo mkali kidogo kwenye noti za juu kabisa. Cha jemaniamu kina kitu laini mwanzoni mwa noti, kama ulimi unaogusa meno kabla ya neno. Nikirekodi nyumbani usiku nitatumia jemaniamu. Kwenye harusi nitabeba silikoni.

Jumamosi, Februari 22

Sarafu.

May hapigi kwa kipiki cha plastiki. Anatumia sarafu ya peni sita ya Uingereza, ile ya zamani, yenye ukingo wa meno. Kwa wiki kadhaa niliona hili kama pambo tu, nikaliruka. Nilikosea, na nimepoteza muda mwingi kugeuza vifundo kutafuta kitu kilichokuwa kidoleni.

Peni sita sina. Mama alikuwa na kibweta cha sarafu za zamani, na humo nimekuta senti hamsini ya Tanzania ya 1966, yenye sungura upande mmoja na Mwalimu upande wa pili. Nikel na shaba, meno ukingoni, milimita 21 kwa kipimo changu. Peni sita ilikuwa na milimita 19 na kidogo. Karibu ndugu.

Ukiishika kwa ulegevu na kuigusisha uzi ikiwa imelala, inateleza. Ukiiinamisha, meno yanakwaruza uzi na noti inaanza kwa konsonanti. Hapo nimeelewa kwa nini gitaa la May husikika kama linasema. Kibusta kinakuza sauti za juu, na mkwaruzo wa meno ya sarafu ni sauti za juu tupu. Kimoja bila kingine ni nusu ya kazi.

Nyuzi nazo nimebadilisha, nimeweka seti nyembamba inayoanzia unene wa 9 (sehemu elfu za inchi). Chuma kizito kwenye uzi mwembamba kinataka mkono mwepesi sana, na nimekata nyuzi mbili za kwanza kwa kuzoea nguvu.

Jumapili, Machi 2

Nimegundua kwamba miaka yote nimeijua solo ya "Bohemian Rhapsody" mahali pasipo pake. Naipiga kwenye E. Rekodi iko E flati. Redio kaseti ya ami ilikuwa inakimbia kidogo, na mimi nilijifunza kwa sikio kutoka pale. Vidole vinapinga. Kwenye E nilikuwa natumia nyuzi wazi mbili kwa kupumzikia, na sasa sina. Lakini kuna zawadi ndani yake: bila nyuzi wazi kila noti inabidi ishikwe na kutetemeshwa kwa kidole, na mtetemo ule, wa polepole na mpana, ni sehemu ya sauti kama ilivyo kapasita.

Jumamosi, Machi 15

Amplifaya. Fupi, kwa sababu hakuna mengi.

AC4TV yangu ina EL84 moja tu, wakati AC30 ina nne. Haitakuwa na kifua kile. Lakini familia ni moja, na ina swichi ya kushusha nguvu mpaka wati moja na hata robo ya wati, kwa hiyo naweza kufungua sauti yote bila kugombana na mtaa. Ninaiacha wazi mwisho, na kila kitu nakiendesha kwa kifundo cha sauti cha gitaa. Kwenye kumi inaimba, kwenye sita inakoroma kwa kodi, kwenye tatu inasafika mpaka unaweza kupiga rumba. May hufanya hivyohivyo. Kwa mtu aliyezoea kukanyaga pedali kila baada ya mistari minne, huu ni uhuru mkubwa, na ni ufundi wa kujifunza upya.

Spika ya inchi kumi nimeigeuza itazame ukuta wa pembeni, kisha maikrofoni nimeiweka kando ya kitovu cha koni. Moja kwa moja kwenye kitovu inachoma.

Jumamosi, Aprili 5

Mvua tangu alfajiri, chumba kina baridi, kolekta volti 7.0 siku nzima. Siku njema ya kufanya mwangwi.

Kwenye "Brighton Rock", katika albamu ya 1974 "Sheer Heart Attack", May anapiga na mwangwi wake mwenyewe kama watu wanaojibizana. Jukwaani alitumia mashine mbili za utepe za Echoplex, moja ikirudisha noti baada ya kama milisekunde 800 na nyingine baada ya 1,600, na kila mwangwi akaupeleka kwenye amplifaya yake. Hilo la mwisho ndilo wengi wanaliacha. Ukiingiza noti na mwangwi wake kwenye amplifaya moja iliyokwisha kusukumwa mpaka mwisho, zinasagana na kuwa kelele. Zikitenganishwa, kila moja inabaki sauti kamili, na pamoja zinatengeneza kodi.

Nimeazima Boss DD-3 mbili. Kikomo cha kila moja ni milisekunde 800, na nilifikiri hazitatosha. Lakini zina tundu la pili linalotoa sauti kavu, na likitumika, tundu la kwanza linatoa mwangwi peke yake. Basi: sauti kavu ya DD-3 ya kwanza inakwenda AC4. Mwangwi wake unaingia DD-3 ya pili. Sauti "kavu" ya hiyo ya pili, ambayo tayari imechelewa 800, inakwenda amplifaya ya pili. Mwangwi wake, uliochelewa mara mbili, unakwenda ya tatu. Marudio yote nimeweka moja tu.

Amplifaya ya pili na ya tatu ni za transista, ndogo, za kuazima kanisani. Hazina utamu wa vali. Hata hivyo nilipopiga noti ya kwanza, kushoto ikaijibu, na kulia ikaijibu ile ya kushoto, nilipiga ya tatu kwa chini kidogo nikasikia kodi ya watu watatu ndani ya chumba chenye mtu mmoja. Nimepiga mpaka umeme ulipokatika saa mbili usiku.

Jumamosi, Aprili 19

Nimempelekea mzee wa Kariakoo rekodi kwenye simu, dakika moja na nusu, solo nzima kwenye E flati. Ameisikiliza simu ikiwa imebanwa sikioni, akauliza ni transista ipi kati ya zile. Nikamwambia AC126. Akaitikia kwa kichwa, akasema zile zilikuwa nzuri kwenye hatua ya kwanza ya redio.

Nikamsimulia habari ya John Deacon, mpiga besi wa Queen, aliyeokota bodi ya amplifaya kwenye jalala la ujenzi London, ikaja kujulikana baadaye kuwa ni ya redio ya Supersonic PR80. Akaifunga ndani ya kasha la spika la rafuni, akaipa betri ya volti 9, bila kifundo hata kimoja. May akaichukua na kuitumia studio kujenga kwaya za magitaa, tabaka juu ya tabaka. Kwenye "Good Company" ya 1975 magitaa yanasikika kama bendi nzima ya jazi ya matarumbeta, na kazi ile ilipita kwenye kisanduku kile.

Mzee alinyamaza, kisha akapanda kigoda akashusha redio kutoka rafu ya juu. Kasha limeliwa na mchwa, kioo hakipo, lakini bodi ndani ni nzima, na ina transfoma mbili ndogo zilizofungwa karatasi ya njano. Akapuliza vumbi. "Hii hatua ya mwisho bado inafanya kazi," akasema. "Spika tu ndiyo ilichanika."

Hakutaka fedha. Ametaka nimletee isikike.

Nimeifungua usiku huu. Transista nne za jemaniamu, mbili kwa zamu kwenye hatua ya mwisho. Nimekata njia ya redio, nimeingiza kibusta mahali pa kifundo cha sauti, nimefunga spika ya inchi sita niliyokuwa nayo. Betri mpya, volti 9.3. Sauti yake ni ndogo, haizidi mazungumzo, na inakazana kama filimbi ya mluzi iliyofunikwa kwa kiganja. Nimerekodi noti tatu za kodi moja, kila noti kwenye treki yake, na ya nne nimeianza lakini kapasita moja ya zamani kwenye njia ya betri imeanza kupata moto. Jumatatu nitanunua mikrofaradi 100 mbili, nibadilishe, kisha nimalize sauti ya nne.